Katani Ndani ya Chumba cha Mazoezi

Baba yangu hakutaka nifanye kazi hospitali. Alikuwa na duka la vitambaa Chumbageni, mjini Tanga, mtu wa ukoo uliotoka Omani zamani, na kwake msichana aliyesoma kama nilivyosoma mimi alikuwa tayari kuolewa na mtu wa heshima, basi. Aliposikia kwamba kazi yenyewe ni kushika mikono na miguu ya wanaume walioumia mashambani, aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Utamshika mwanamume asiye maharimu wako?"

Mama ndiye aliyenijibia. "Walioko huko ni wagonjwa, si wachumba. Mwache akajaribu."

Nikaenda. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, na hospitali yenyewe ilikuwa nje ya mji, upande wa Pongwe. Wagonjwa wake wengi walikuwa manamba, watu wa bara walioletwa kwa mkataba kuja kukata mkonge. Nyuma ya wodi ya wanaume kulikuwa na chumba kirefu cha sakafu ya saruji, na humo mtu aliyekatwa mguu alijifunza kutembea tena, na mtu ambaye vidole vyake vilikuwa vimekakamaa alivitumbukiza katika nta ya moto mpaka vikalegea. Darini zilining'inia kamba zilizopita kwenye makapi, vile vigurudumu vya kuvutia mizigo, mwisho wake vifuko vya mchanga, ili mwenye bega bovu avute na kuachia, avute na kuachia. Watu walilia humo. Pia waliimba, nami sikujua mpaka nilipofika pale kwamba mtu anaweza kuimba na kulia kwa pumzi ile ile.

Tulikuwa wanawake watatu. Aliyeongoza alikuwa memsabu mmoja mrefu, mwembamba, aliyesomea tiba ya viungo huko kwao na kujifunza Kiswahili kitabuni, hivyo alisema vizuri kuliko sisi na mara nyingine hatukumwelewa. Wa pili alikuwa mjane wa Kishambaa, Mlutheri, mwenye mwili mkubwa na mikono iliyoweza kumwinua mwanamume mzima kutoka kitandani bila kumuumiza. Alikuwa na umri wa mama yangu mkubwa. Nilimwita shangazi tangu siku ya kwanza, naye akaniita mwanangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa wa kusaidia huku na kule, kuandika, na kutafsiri pale Kiswahili cha kitabuni kilipogota.

Memsabu alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata siku moja. Jambo lolote baya likitokea chumbani, mgonjwa akianguka, akichubuka, akizimia, au mmoja wetu akiumia, lisemwe kabla hatujarudi nyumbani, naye aliandike na kulipeleka kwa daktari mkuu. Alisema asiyesema leo atamwumiza mwingine kesho. Lilikuwa sharti la haki. Lakini kulitimiza kulikuwa na taabu yake. Wagonjwa walioanguka walituomba kwa macho tusiseme, wakiogopa kuonekana hawafai na kurudishwa makwao bila kupona. Na sisi watumishi tuliogopa vivyo hivyo. Shangazi aliumwa mgongo kwa kuinua watu, nilimwona akijishika kiuno kila alipodhani hakuna anayemtazama, na hakusema neno. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, nikisema nimechoka, wataleta mwenye mgongo mpya."

Sasa nimtaje mgonjwa mmoja. Alikuwa Mbena, mtu wa makamo, mpole, mwenye sauti ndogo. Alikuwa amefanya kazi kwenye korona, ile mashine kubwa inayosaga majani ya mkonge mpaka ibaki katani peke yake. Siku moja jani lilimvuta mkono wa kulia, na kabla mashine haijasimamishwa mkono ulikuwa umekwenda hadi karibu na kiwiko. Alipoletwa kwetu kidonda kilikuwa kimefunga, lakini yeye hakuwa akitaka kitu. Alikaa pale alipokalishwa. Ukimpa bakuli alilishika, ukiondoka alibaki amelishika.

Shangazi ndiye aliyemrudisha. Aliuliza huku na kule Wabena husalimianaje, na asubuhi moja akasimama mbele yake na kumwambia, "Kamwene." Yule mtu aliinua uso. Nadhani alikuwa hajasikia salamu ya kwao tangu aumie. Tena wakagundua kwamba wote wawili ni Walutheri, na kwamba nyimbo za kanisani alizozijua yeye kwa Kibena, shangazi alizijua kwa Kishambaa, sauti ni moja. Basi wakawa wanaimba, kila mmoja kwa lugha yake, wakati akijifunza kutumia mkono wa kushoto. Alijifunza kushika kijiko. Alijifunza kufunga vifungo vya shati, kazi ngumu kuliko mtu mwenye mikono miwili anavyoweza kufikiri, na siku alipofunga vyote mpaka cha shingoni alitupitia mmoja mmoja ili tuone. Hata memsabu, ambaye hakuwa mtu wa kuchekacheka, alipiga makofi.

Kwa kuona alivyoendelea, memsabu aliamua kumwanzisha kazi za mikono. Alikuwa amewaomba wenye shamba moja wampe kitu cha kusukia, mikeka midogo na burashi, na wao wakampa walichokuwa nacho kwa wingi. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Lori likaleta matita ya katani, mengine bado mabichi, na yakawekwa ukutani. Memsabu alikuwa na furaha. Alimwambia, "Leo utaanza kusuka." Yule bwana akaitikia, akakaa kwenye benchi akingoja. Hakuna aliyemwambia atasuka nini. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwambia, kwa sababu katika Tanga ya siku zile katani ilikuwa kila mahali. Magodoro yetu yalijazwa kwayo, kamba zetu za kuanikia nguo zilikuwa hizo, na harufu ya mkonge uliosagwa ilitufuata njia nzima kutoka mjini hadi Pongwe.

Mimi nilikuwa dirishani na mzee mmoja mwenye bega bovu, nikimhesabia mivuto ya kamba. Nilimwona memsabu akifungua tita, akatoa fungu la katani na kumwekea mapajani. Akageuka kuchukua mkasi. Nikamwona yule mtu akiitazama ile katani. Uso wake ulianza kutoka jasho, na mkono wa kushoto ukawa juu, haujui uende wapi. Shangazi naye aliona. Alikuwa nyuma yake, akamwekea kiganja begani kama alivyofanya kila siku, akasema, "Ndugu yangu, vipi?"

Aliruka. Sina neno jingine. Aliinuka kutoka kwenye benchi kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akageuka, akamsukuma shangazi kwa kifua na kigutu cha mkono, na shangazi, mwili wote ule, akaenda nyuma na kuangukia kona ya meza ya nta. Nilisikia mfupa ukivunjika. Yule mzee wa bega aliachia kamba na kifuko cha mchanga kikaanguka chini. Nilipofika kwa shangazi alikuwa amekaa sakafuni, mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi, naye hakuwa akinitazama mimi.

"Mwangalieni yeye," alisema. "Mwangalieni yeye kwanza."

Yule bwana alikuwa amejibana kwenye pembe ya chumba, kigutu amekificha kwapani, akirudia neno moja la Kibena tena na tena. Mgonjwa mwingine wa kwao, aliyekuwa akijifunza kutembea, ndiye aliyetueleza. "Anasema simamisheni. Anasema simamisheni mashine."

Memsabu alizikusanya zile katani zote kwa mikono yake, akazibeba mpaka nje kwenye mvua, akazitupa.

Shangazi alilazwa kwenye chumba cha kufungia vidonda akimngoja daktari. Nilikaa naye. Memsabu alipoingia nguo zilikuwa zimemloa na uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku zote. Alimpa pole, mara nyingi, kisha akasema, kwa taabu, kwamba itabidi aandike taarifa, ya mgonjwa na ya mtumishi aliyeumia kazini, na anataka kusikia kwa kinywa chake yeye mwenyewe.

"Andika niliteleza," shangazi alisema. "Sakafu ilikuwa na maji. Kila mtu aliingia na matope."

"Haikuwa maji."

"Memsabu, ukiandika kwamba amenisukuma, watamwondoa. Watasema ni mkali, ana wazimu. Nimeona wengine wakiondolewa."

"Nitaandika yote," memsabu alijibu. "Nitaandika kwamba mimi nilimpa katani. Kosa ni langu, si lake, na nitalitia sahihi."

"Hawatasoma yote."

"Nikiandika maji, watatuletea mtu wa kupiga deki. Na mwezi ujao mtu mwingine aliyekatwa na korona atawekewa katani mapajani, mahali pengine, na mtu mwema kama mimi. Huoni?"

Shangazi alifumba macho. Maumivu yalikuwa yamemzidi. "Naona," alisema. "Lakini huyo wa mwezi ujao simjui. Huyu namjua."

Nilisimama kati yao na sikuweza kumwona yeyote aliyekosea. Miaka yote hii imepita na bado siwezi. Memsabu aliniuliza nilichokiona, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kuanzia lile fungu la katani mpaka lile neno la Kibena. Akaandika. Jioni, mkono wa shangazi ukiwa umekwishafungwa plasta, alinituma nimsomee kwa Kiswahili. Shangazi alisikiliza sentensi ya kwanza, iliyosema kwamba mgonjwa alimsukuma mtumishi na kumvunja mkono, kisha akageuzia uso ukutani. Niliendelea kusoma mpaka mwisho, pale memsabu alipojilaumu mwenyewe kwa maneno yasiyo na kificho. Sijui kama alisikia.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini kwa daktari mkuu. Alikuwapo yeye, karani mkuu wa hospitali, na bwana mmoja aliyetoka kwa wenye shamba. Memsabu alikuwa amekaa pembeni na mikono yake magotini kama mwanafunzi. Ile taarifa ilikuwa mezani. Karani, Mwafrika msomi wa suti nyeupe, ndiye aliyeniuliza, na kwa kweli aliniuliza kwa upole.

"Binti, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, bwana."

"Alimsukuma, au hakumsukuma?"

"Alimsukuma, lakini kabla ya hapo aliwekewa..."

"Tosha. Ahsante."

"Bwana, hakumwona yeye. Aliona..."

"Nimesema ahsante, binti. Hayo mengine yameandikwa."

Memsabu akasimama. Alisema kwa Kiingereza, haraka, sikupata yote, ila nilisikia akisema neno 'mimi' la kwao mara nyingi, akijipiga kifuani kwa kidole. Daktari mkuu alimsikiliza mpaka mwisho na kumwambia kwamba uaminifu wake ni wa kusifiwa. Kisha akasema hospitali haina mahali pa kumweka mtu anayeweza kuvunja watu mifupa, hata asipokusudia. Ikaamuliwa kwamba Mbena yule apelekwe bara, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, akaangaliwe huko.

Tulipotoka nje memsabu aliegemea nguzo ya baraza. Nilidhani atalia, hakulia. Aliniuliza, "Atanisamehe?" Sikujua anamaanisha nani, shangazi au yule Mbena.

Siku aliyoondoka yule Mbena, shangazi alitoka wodini mkono umening'inia kwenye kitambaa cha shingoni. Walikuwa wamemkalisha yule bwana kwenye benchi la nje akingoja gari la kumpeleka stesheni, na askari mmoja mzee amesimama karibu, ingawa hakuonekana mtu wa kukimbia. Alikuwa amerudi kuwa kama alivyoletwa, ametulia tu, shati limefungwa nusu. Alipomwona shangazi alisimama.

"Mama, ni mimi?"

"Ni wewe nini?"

"Wanasema ni mimi niliyekuvunja. Mimi sikukuona wewe. Nilidhani mkono umerudi kule ndani."

"Najua," shangazi alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Ningekuja mbele ungeniona."

Alinyosha mkono wake wa kushoto na kujaribu kumfunga vile vifungo vilivyobaki. Hakuweza, kwa kuwa hakuwa amezoea kutumia mkono huo. Yule bwana akaushika upindo wa shati kwa mkono wake wa kushoto ili usicheze, na hivyo, wakisaidiana, kifungo kimoja kimoja, wakamaliza. Askari alitazama kando. Gari lilipokuja shangazi alimwambia yule askari, "Ni mtu mzuri huyo, anajua kula mwenyewe, msimlishe." Askari akaitikia, "Nimesikia, mama."

Mfupa wa shangazi uliunga vibaya. Plasta ilipotolewa kiwiko hakikukunjuka, na mkono ule uliowahi kuinua wanaume haukuweza kuinua ndoo. Basi akawa mgonjwa wa chumba alichokuwa akifanyia kazi. Kila asubuhi aliingia, akasalimia, akakaa chini ya kamba na kuvuta na kuachia, na aliyemhudumia alikuwa memsabu mwenyewe, hakuniachia mimi. Aliutia mkono wake katika nta, aliukanda, aliukunja kidogo kidogo mpaka jasho likamtoka shangazi usoni. Hawakuzungumza isipokuwa ya kazi. "Inauma hapa?" "Inauma." "Na hapa?" "Kidogo." Chumba kilikuwa kimya siku zile. Hakuna aliyeimba.

Nilimsikia mara moja tu memsabu akijaribu. Alisema taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kile kiwiko, "Ningeandika maji, ungeniheshimu?"

"Ningekuheshimu kidogo zaidi ya sasa," shangazi alisema, "na wewe ungejiheshimu pungufu ya sasa." Wakaendelea na mazoezi.

Kumbe memsabu alikuwa akiandika kule bara kila mara, akieleza mazoezi gani yule bwana aendelee nayo ili mkono wa kushoto usilegee. Hakujibiwa. Jibu la kwanza lilikuja baada ya msimu wa baridi kupita, nalo lilikuwa fupi. Yule bwana alishikwa na homa ya mapafu. Wamemzika huko.

Memsabu aliniita nje akaniambia, na akaniomba nisimwambie shangazi, atamwambia mwenyewe. Nilibaki mlangoni. Nilimwona akienda kupiga magoti mbele ya kiti cha shangazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona Mzungu akilifanya mbele ya mtu wetu, na kusema maneno machache. Shangazi aliendelea kuvuta ile kamba, akavuta tena, na tena, kisha akaiachia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwao milimani, na wagonjwa wote waliokuwa chumbani wakaacha waliyokuwa wakiyafanya. Yule Mbena mwingine alivua kofia.

Jumapili iliyofuata nilimsindikiza shangazi kwenye kanisa lao pale mjini. Niliomba ruhusa kwa baba nikidhani atakataa. Aliniuliza ni msiba wa nani, nikamweleza. Akasema, "Nenda, lakini usiingie. Msubiri mlangoni." Basi nilisimama kivulini kando ya mlango, na kutoka pale niliona na kusikia yote. Kabla ya ibada shangazi alimwendea mchungaji kumwomba marehemu aombewe.

"Ni ndugu yako?" mchungaji aliuliza.

"La."

"Ni mtu wa kwenu?"

"La, Mbena. Ni mgonjwa wangu."

Mchungaji aliandika jina kwenye karatasi yake. Ibada ikaanza. Walipofika kwenye maombi alilisoma lile jina, akalikosea, na shangazi akasimama katikati ya watu akamsahihisha, akakaa. Nilipotazama mabenchi ya nyuma nilimwona memsabu. Alikuwa ameingia kwa mlango wa pembeni na kukaa benchi la mwisho, peke yake, kitambaa kichwani. Hilo halikuwa kanisa lake. Nadhani hata hakuwa mtu wa kanisa.

Wimbo wa mwisho ulikuwa mmoja wa zile za chumba cha mazoezi. Watu waliimba kwa Kiswahili. Shangazi hakufungua kinywa.

Watu walipotoka, wale wanawake wawili walikutana mlangoni, mbele yangu. Memsabu hakujua afanye nini na mikono yake. Shangazi alimtazama, si kwa hasira, wala si kwa upendo, na akasema, "Umefanya vizuri kuja." Kisha akanishika mimi bega, kwa kuwa ngazi zilikuwa mbovu na mgongo wake ulikuwa umeanza kumuuma tena, tukateremka. Memsabu alikuja nyuma yetu hatua chache.

Barabarani shangazi alimgeukia. "Memsabu," alisema, "huu mgongo nao uliumia pale pale kwako, siku nyingi kabla ya mkono. Sikusema. Sasa nasema."

"Nitaandika kesho," memsabu alijibu.

"Andika."

Mwisho wa mwaka ule shangazi alirudi kwao Ushambaa, kwa binti yake aliyekuwa na shamba la mboga. Memsabu alikaa Tanga muda kidogo zaidi, kisha akaenda zake. Mimi nilibaki katika chumba kile mpaka nilipoolewa.